Barua kwa Mwanangu: Mashujaa au Wauaji?

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema ulitoka kwenye makumbusho ya uasi wa 1798 kule Enniscorthy, Ireland, watu walipoinuka dhidi ya utawala wa Waingereza, ukiwa umeshawapenda wale wakulima wa jimbo la Wexford, halafu mwenzako akakusimulia ndani ya basi habari za ghala la Scullabogue. Sasa wamuuliza mama yako, mwalimu mstaafu: niwaite mashujaa au wauaji?

Tulipokuja kukutembelea, baba yako alinasa kwenye mikuki. Mti mrefu kuliko mtu, chuma cha mhunzi wa kijijini, na ubavuni kikulabu cha kumvutia mpanda farasi chini. Alibaki anatikisa kichwa tu: hiki ndicho walichokwenda nacho mbele ya mizinga!

Sababu walikuwa nazo, tena nzito. Wakatoliki walikuwa ndio wengi, lakini hawakuruhusiwa kukaa bungeni. Masika yale askari walichoma nyumba, wakachapa watu viboko, wakawabandika lami ya moto kichwani ili wataje silaha zilipofichwa. Padri John Murphy mwenyewe alikuwa amewasihi waumini wasalimishe silaha, kabla hajawa kiongozi wao vitani.

Ikaja tarehe 5 Juni. Waasi walipigwa New Ross, na siku hiyohiyo wenzao waliobaki na mateka Scullabogue wakatia moto ghala walimofungiwa. Walikufa zaidi ya watu 100, wengi wao Waprotestanti, wanawake na watoto wakiwemo.

Utaambiwa vita ndivyo vilivyo, na kwamba askari wa mfalme nao waliichoma hospitali ya waasi palepale Enniscorthy, majeruhi wakiwa ndani. Ni kweli waliichoma. Lakini jibu hilo mimi silipokei, kwa sababu ya mtu mmoja, Bagenal Harvey. Ndiye aliyewaongoza waasi New Ross, naye alikuwa Mprotestanti, tena mwenye mashamba yake. Kesho yake alitoa amri kwamba atakayeua mateka naye atauawa. Kwa hiyo usikubali kuambiwa unawahukumu watu wa kale kwa macho ya leo; kamanda wao aliwahukumu moshi haujaisha. Mwezi uleule serikali ikamnyonga kwenye daraja la Wexford.

Waliosimama na mikuki mbele ya jeshi la mfalme kwenye kilima cha Vinegar Hill, hapo Enniscorthy, tarehe 21 Juni nawaita mashujaa. Waliotia moto ghala nawaita wauaji. Na kama yupo aliyekuwa kotekote, mwandikie yote mawili.

Hicho kilima chenyewe unasema hukupanda kwa sababu ya mvua. Rehema! Mvua ya Ireland utaingoja hadi lini? Juu kuna kinu cha upepo kilichobomoka, na chini unauona mji wote na mto Slaney. Ukisimama pale utaelewa kwa nini walipachagua, na kwa nini mizinga iliwamaliza, maana pa kujificha hapana. Vaa viatu vya maana, baba yako aliteleza.

Na huyo mwenzako wa kwenye basi, mkaribishe chakula siku moja. Huyo ni mtu wa kukaa naye karibu.

Mama yako