Zile "aina" za skizofrenia zilishaondolewa

Dada, umeuliza "skizofrenia ya paranoidi" (ugonjwa wa akili wenye hofu ya kuandamwa) iliyoandikwa kwenye cheti cha zamani cha kaka yako ni aina gani. Usihangaike na jina hilo. Wamarekani waliziondoa aina zote tano kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani nalo likaachana nazo katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika 2022. Sababu ni kwamba mgonjwa yuleyule hubadilika: mwaka huu anafunika televisheni kwa kanga akisema inamwangalia, mwaka ujao amekaa kimya kitandani, chai inapoa mkononi.

Kinachotofautisha skizofrenia na magonjwa jirani yake zaidi ni muda. Kwa mwongozo wa Marekani, dalili, kama kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini yasiyo ya kweli, zikiisha ndani ya mwezi ni saikosisi ya muda mfupi. Kabla ya miezi sita, skizofrenifomu. Zikifika sita na kuendelea, skizofrenia. Skizoafektivu ni pale zinapoambatana na sonona kali au uchangamfu uliopitiliza, lakini kuna wakati sauti au imani hizo zinaendelea zenyewe, wiki mbili au zaidi, sonona au uchangamfu huo ukiwa umetulia.

Nenda kliniki na daftari: zilianza lini, analala saa ngapi, anavuta bangi? Kwa mama yangu mdogo, daftari ndilo lililomsaidia daktari.