Majalada ya Zamani: Tafuteni Kwanza Jina la Mchoraji

Swali: Shikamoo mama. Babu yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, ameniachia sanduku la bati lenye vitabu kama sitini vya Kiswahili vya miaka ya hamsini hadi ya sabini. Majalada yake ni mazuri mno. Nimeanza kuyapiga picha kwa simu na kuyaweka Instagram. Watu wananiuliza ni ya mwaka gani, nami sijui, maana vingine vimenyofoka kurasa za mwanzo. Halafu kila picha inang'aa katikati. Nifanyeje? — Msomaji, Muheza

Jibu: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na sababu yake ni hii. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu ilikuwa kujalidi vitabu vya maktaba. Kitabu kilicholegea kikiletwa, tulikikata uti, tukashona kurasa upya, tukakivisha kadibodi ngumu na kitambaa cha kijani, kisha jina tukaligonga mgongoni kwa herufi za dhahabu. Jalada la karatasi, lile lenye mchoro, liliingia kwenye kapu la taka. Ndivyo nilivyofundishwa, nami nikawafundisha vijana wangu vivyo hivyo. Kuna moja silisahau: ngalawa nyeusi juu ya njano, na pembeni chini herufi mbili za mchoraji. Sikuzisoma. Nililitupa kama mengine. Kwa hiyo sanduku la babu yako kwangu si jambo dogo.

Tuje kwenye mwaka. Kurasa za mwanzo zikipotea, jalada lenyewe bado linasema. Tazama jina la mchapishaji. East African Literature Bureau ilianza 1948, ikafa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. East African Publishing House ilianza 1965, na Tanzania Publishing House 1966. Ukikuta anwani imeandikwa Tanganyika, karibu hakika kitabu kilichapishwa kabla ya mwisho wa 1964, maana jina Tanzania lilianza kutumika Oktoba mwaka huo. Geuza uone nyuma: namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, ikiwepo, uko mwaka 1970 au baada yake. Kwa dalili mbili tatu za namna hii unaweza kuandika “kati ya 1966 na 1977” bila kumdanganya mtu.

Lakini usichanganye umri wa hadithi na umri wa jalada. Hili naliona kila siku mtandaoni na linaniumiza. Riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mara ya kwanza 1971. Ukiwa na nakala ya chapa ya baadaye, yenye jalada jipya, ukaandika “1971” chini yake, mchoraji wa pili umemfuta na kazi yake umempa wa kwanza. Andika chapa ya nakala uliyoishika mkononi.

Na jina la mchoraji litafute kabla hujaituma picha. Angalia pembe za chini za mchoro, mara nyingi ni herufi mbili tu zilizojificha kwenye majani au kwenye kivuli cha mtu. Angalia nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, angalia chini kabisa ya jalada la nyuma. George Hallett, mpiga picha wa Afrika Kusini aliyeishi uhamishoni, alitengeneza majalada mengi ya African Writers Series, mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Afrika wa mchapishaji Heinemann, miaka ya sabini, na tunamjua leo kwa sababu jina lake lilichapwa. Wachoraji wetu wengi hawakupewa hata huo mstari mmoja. Ukikosa jina, andika wazi “mchoraji hajatajwa”, usiache patupu. Huenda mtoto wake au jirani yake akaona na kusema, “Huyu ni mzee fulani.”

Kuhusu kung'aa: zima taa ya simu. Tandika kitambaa cheusi mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, mwanga utoke ubavuni, simu iwe sambamba kabisa na kitabu. Kama kimevikwa nailoni isiyogundishwa, ivue kwanza. Weka rula pembeni ili ukubwa ujulikane, na usikate kingo. Piga mbele, mgongo na nyuma. Ukienda duka la stesheneri kuskani, omba nukta 600 kwa inchi na usimame hapo hapo, wasije wakakikandamiza kitabu kwa kiganja hadi uti upasuke.

Swali: Salaam aleikum Bi. Nina majalada mengi ya zamani. Rafiki ananiambia tuyachape kwenye fulana tuuze, eti vitabu vyenyewe havichapwi tena. Je, ni halali? — Msomaji, Mombasa

Jibu: Wa aleikum salaam. Kitabu kutochapwa tena hakuondoi haki ya mtu. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, na ya Tanzania ya 1999 pia, kazi ya mchoraji inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Aliyefariki 1990, haki yake inafika mwisho wa 2040. Pengine mkataba ulimpa mchapishaji haki hiyo, na wachapishaji wa zamani wana warithi: Literature Bureau niliyoitaja juu, upande wa Kenya nafasi yake ilichukuliwa na Kenya Literature Bureau. Basi una pa kuandikia barua. Kuonyesha jalada ili watu wajifunze, ukitaja kila jina unalolijua, na ukaliondoa pale mwenye haki akikuomba, mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Fulana ni biashara. Mchoraji huyo yawezekana alilipwa mara moja tu, na wajukuu wake wapo hapo hapo mjini. Watafuteni kwanza, mkubaliane fungu lao.

Swali: Kuna programu inayong'arisha picha na kuondoa madoa. Niitumie? Na majalada yaliyochanika niyabandike selotepu? — Msomaji, Morogoro

Jibu: Selotepu hapana. Gundi yake hugeuka kahawia, huingia ndani ya karatasi, na baadaye huitoi bila kuondoka na rangi. Kiweke kitabu ndani ya bahasha ya karatasi, kilale, mbali na ukuta wenye unyevu.

Programu nayo, ukiitumia, hifadhi picha ya awali isiyoguswa, na uitume hiyo. Majalada mengi ya wakati ule yalichapwa kwa wino wa rangi mbili au tatu, kwa kuwa kila rangi ilikuwa na bamba lake la kuchapia na gharama yake. Mchoraji hodari alipitisha njano juu ya buluu akapata kijani cha bure. Ukitazama ukingo wa jani utaona ufito mwembamba wa njano uliochomoza, pale bamba lilipohama kidogo. Programu huuona ni kosa na kuufuta, nasi hapo ndipo tulipokuwa tunaona mchoraji alivyofanya kazi.