Nilihamia Nyumba ya Wazee, Wakasema Nimetupwa

Dada mmoja wa Kisauni kaniandikia juzi: "Bi Mwalimu, wanangu wanataka kunipeleka nyumba ya wazee. Nitawatazama watu kwa uso gani?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo nilijiuliza mwenyewe miaka minne nyuma, nimekaa juu ya sanduku langu pale Tudor nikingoja tuktuk.

Sisi watu wa Pwani twajuana. Mzee akihama kwake, mtaa mzima una la kusema. Wifi yangu aliitangazia Majengo nzima kwamba nimetupwa. Mwanangu analipa ada kila mwezi bila kuchelewa, Mungu amzidishie, lakini mpaka leo akiulizwa nilipo hujibu, "Mama yuko shamba." Shamba gani? Sina hata shina la mchicha! Nimemsamehe. Kusahau bado.

Miezi ya mwanzo niliila, nikailala, nikainuna. Hiyo tuiruke.

Nilipochoka kununa nikaamua kujitolea, na hapo nikaharibu. Nimeshika chaki miaka 34, basi nikabandika karatasi ukumbini: darasa la maadili kwa vijana wa mtaa, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Nikavaa buibui jipya. Hakuja mtu. Alikuja paka, akalala juu ya daftari la mahudhurio. Dada yangu, hakuna aliyekuwa ameniomba maadili. Uliza kwanza watu wana haja gani.

Mwenye haja alikuwa getini. Askari wetu wa usiku, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa akijiandaa kufanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kama mtahiniwa wa kibinafsi, akisoma kwa taa ya ukutani huku mbu wakimla. Kiswahili karatasi ya kwanza, insha, haikumtisha. Ya pili, ya lugha, tuliisukuma pamoja. Ya tatu ikamtoa jasho kwa ajili ya ushairi, nami nikakwama naye, kwani mimi ni mwalimu wa hisabati.

Aliyetuokoa ni jirani yangu, mzee aliyekuwa karani bandarini. Macho yamemwisha, lakini tungo za Muyaka, yule mshairi wa Mvita, yaani Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, anazo kifuani. "Lete mkono," akamwambia kijana. Akamshika kidole cha shahada, akawa anakigonga mezani huku anaghani, silabi moja pigo moja. Mapigo manane, akakiinua hewani kidogo. Manane tena. "Umesikia? Mizani haihesabiwi kwa macho." Chai ya tangawizi ilipoa, hakuna aliyeigusa. Kuanzia siku hiyo, kila baada ya magharibi, ilikuwa ushairi mezani na mahamri ya bibi wa chumba cha mwisho.

Kwa hivyo usikae dirishani ukihesabu nani kaja kukuona. Narudia: usikae dirishani! Wengi wetu tunakufa na elimu yetu kwa kungoja kubembelezwa. Kabla ya kuhama, nenda ukaione nyumba mara mbili, mara moja bila taarifa. Uliza nani atakupeleka hospitali saa nane za usiku. Na pesa zijue mapema. Zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, ukishatimiza miaka 70, zitakununulia sabuni na vocha, hazitalipa chumba. Kisha ukifika, tafuta mtu mmoja wa kumfaa. Mmoja anatosha.

Matokeo yalipotoka, kijana alikuja mbio, simu mkononi. "Bi Mwalimu! Kiswahili nimepata B!" Bibi wa mahamri akapiga kigelegele mpaka wapishi wakatoka jikoni. Mzee akatulia, akageuza uso upande wangu.

"Na hisabati je?"

D. Kijana akaangalia viatu vyake, nami nikaangalia vyangu. Anataka kurudia mwaka huu. Jumatatu tunaanza upya na hesabu za sehemu, nusu na robo, na mzee amesema naye atakuja kusikiliza.