Mkojo Ukikubana Mlangoni, Usikimbie

Kwa miezi minane baada ya kujifungua mtoto wangu wa nne, nililiogopa kufuli la mlango wangu mwenyewe. Nilikuwa nikipanda kilima cha Kadutu, hapa Bukavu, kutoka sokoni bila shida, ndoo ya samaki wadogo wa sambaza kichwani, lakini mara tu vidole vilipogusa ufunguo ndani ya mkoba, mkojo ulinibana kwa nguvu, na siku nyingine kikwembe kililowa kabla mlango haujafunguka. Niliacha kunywa maji asubuhi, nikawa nakwenda msalani kabla ya kila safari hata bila haja, na hali ikazidi kuwa mbaya. Muuguzi mmoja niliyethubutu kumweleza alinijibu kwamba ndivyo uzazi ulivyo. Jibu hilo liliniumiza, na halikuwa kweli.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba kwa mazoezi, aliyenisaidia baadaye alianza kwa kunieleza jinsi kibofu kinavyotawaliwa. Kibofu cha mtu mzima hubeba takriban mililita 400 hadi 500, ingawa hisia ya kwanza huweza kuja kikiwa na 150 au 200 tu. Kinapojaa, neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazotoka kwenye uti wa mgongo usawa wa sehemu ya chini ya kifua na juu ya kiuno hukilegeza ukuta wake na kuifunga shingo yake. Neva nyingine, zitokazo chini kabisa ya uti wa mgongo na kupita nyongani, hukikaza ili kimwage. Na neva ya tatu, inayotii hiari yetu, hubana misuli ya mlango wa nje. Ujumbe kwamba kibofu kimejaa hupanda hadi kituo kilichomo katika shina la ubongo, ambacho Mwingereza Frederick Barrington alikieleza mwaka 1925 baada ya kuchunguza paka. Kituo hicho kikiruhusu, mlango hulegea na kibofu hukaza kwa pamoja. Kwa mtoto mchanga hayo yote ni refleksi tupu, yaani mwitikio usiosubiri amri. Kwa mtu mzima, ubongo wa juu hukizuia kituo hicho hadi afike mahali pa heshima.

Kumbe ubongo wangu ulikuwa umezoea kuhesabu ufunguo kuwa ndiyo ruhusa! Na kule kwenda msalani bila haja kulikifundisha kibofu kulalamika kikiwa na mkojo kidogo tu.

Dawa yake ilinishangaza. Unapobanwa, simama pale pale, usikimbie. Kaza misuli ya chini kama anayezuia upepo wa tumboni usitoke, haraka haraka, mara tano au sita, huku ukipumua kawaida. Misuli hiyo inapokaza, refleksi iliyo katika uti wa mgongo hukiamuru kibofu kilegee; nawe utahisi wimbi la haja likipungua, ndipo utembee taratibu. Mara ya kwanza nilisimama mbele ya mlango, mkono ukutani, jirani akidhani nimeshikwa na kizunguzungu. Wimbi lilipita. Niliongeza dakika 15 kati ya safari za msalani kila wiki, nikianzia saa moja, na baada ya wiki nane nilifikia saa tatu. Nilirudia kunywa maji kama kawaida, nikapunguza chai kali. Lakini usifanye mazoezi haya kwa kukatiza mkojo unapokojoa, kwa maana utavuruga utaratibu wa kumwaga.

Dada zangu, si kila kuvuja ni kwa namna hii. Mkojo unaotiririka mchana na usiku baada ya uchungu wa kujifungua wa muda mrefu huenda ukawa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hakuna zoezi linaloliziba; kwa kawaida huhitaji upasuaji, nao hufanyika hapa Bukavu katika hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Mwenye kisukari anaweza kupoteza hisia ya kujaa, kibofu kikafurika bila yeye kujua. Na mtu mwenye maumivu ya mgongo akianza kufa ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, miguu ikalegea, mkojo ukagoma kutoka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana neva zilizobanwa hazingoji.

Kabla ya kwenda kumwona daktari, andika kwa siku tatu saa ulizokojoa, kiasi ulichopima kwa kikombe chenye alama, na ulichokunywa. Karatasi yangu ilikuwa na madoa ya mafuta ya mawese, lakini mtaalamu aliisoma yote kabla ya kuniuliza neno.