Mgeni Hakucheki: Nilivyoacha Kuogopa Kiingereza Mlimani

Juma lililopita mpagazi mmoja kijana, ambaye nimewahi kupanda naye kwa njia ya Marangu, aliniandikia akiuliza nilifanyaje hata nikaacha kuogopa Kiingereza, kwa kuwa ana miaka sita akibeba mizigo na kila akifikiria usaili wa uongozaji watalii mdomo humkauka. Nilimjibu kwa sentensi mbili, kisha nikaona nimempunja. Naamini wapo wagumu wengi, kama tunavyowaita wapagazi huku Kilimanjaro, wanaotamani hicho hicho.

Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, nikaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, yakifundishwa kwa Kiingereza. Nilichojifunza ni kunakili ubaoni na kunyamaza, na ukimya huo nikapanda nao mlima. Nilielewa mengi waliyosema wageni, lakini nikisemeshwa nilitabasamu na kujibu "pole pole".

Baadaye nikawa mwongozaji msaidizi. Jioni moja pale Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, katika mita 4,720, mkuu wa msafara alikwenda kumwangalia mgonjwa, akaniachia kazi ya kuwatangazia wageni ratiba. Kwa kawaida tunaamka saa tano usiku ili tuondoke saa sita na kufika kileleni, mita 5,895, asubuhi. Nikaitafsiri saa tano kama ilivyo, nikawaambia "five o'clock", nikasahau kwamba kwao hiyo ni saa kumi na moja alfajiri. Walifurahi, wakakaa kucheza karata. Nilipowagongea mlango nikiwa na chai na biskuti, mmoja wao alinyoosha mkono nje ya mfuko wa kulalia, akanionyesha saa yake na kuigongagonga kioo kwa kidole, bila kusema neno.

Hakuna mgeni aliyenicheka. Waliocheka ni wenzangu, na tulipofika chini kwenye geti, jina la "Saa Tano" lilikuwa limenitangulia. Kwa misimu miwili nilikwepa kila neno la Kiingereza ambalo mtu mwingine angeweza kulisema badala yangu. Sitaficha kwamba jina lile bado linaniuma, ingawa aliyelianzisha hajaongoza kundi lake mwenyewe hata leo.

Aliyenifungua ni mzee mmoja Mjerumani, siku ya mapumziko ya kuzoea hewa pale Horombo, kambi iliyo chini ya Kibo. Kiingereza chake kilichechemea kama changu. Neno likimtoroka alichukua daftari akachora alichotaka kusema, kisha akaendelea bila aibu yoyote. Tulitembea hadi kwenye Mawe ya Pundamilia na kurudi tukizungumza njia nzima, nami nikatambua kwamba miaka yote niliyokuwa nikiogopa kuzungumza na mgeni, masikio niliyoyaogopa kwa kweli yalikuwa ya wenzangu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na sentensi za kazi yako: maji, kichwa, kichefuchefu, hatua, usingizi. Zitamke kwa sauti ukiwa na mzigo kichwani, wala usizisome moyoni tu. Ukikosea, rudia kwa sauti. Tafsiri maana badala ya neno, kwa sababu hata "pole" yetu ukiigeuza kuwa "sorry", mgeni aliyejikwaa atakuuliza umemkosea nini. Mwombe mgeni akusahihishe, kisha rudia tena kwa sauti. Mtu aliyekulia kwenye Kichaga cha nyumbani akakiongeza Kiswahili cha shule na sokoni ameshajifunza lugha ya pili; ya tatu inamtishia nini? Mgeni anayeumwa kichwa katika mita 4,000 huenda ameanza kuugua kwa sababu ya mwinuko; hahitaji sarufi yako, anahitaji kuulizwa mapema, na anayenyamaza kwa kuogopa kuchekwa anailinda heshima yake kwa gharama ya uhai wa mtu mwingine. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Siku chache kabla ya ujumbe wako nilisimama tena Kibo mbele ya wageni wanane. Nilitangaza saa ya kuamka, nikaionyesha kwenye saa yangu ya mkononi, nikamtaka kila mmoja airudie. Kutoka upande wa wapishi mtu alikohoa, akanong'ona "Saa Tano", nami nikaendelea na habari ya maji.