Kompyuta na wachora ramani: aliyeondoka ni mwanagenzi

Kwa aliyeuliza kama teknolojia inawanyang'anya kazi wenye ujuzi katika nchi zinazoendelea, nitajibu kwa kazi ninayoifahamu, uchoraji wa ramani za majengo, ambayo niliianza kwenye meza ya kuchorea na sasa naifanya kwenye kompyuta.

AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta, ilitoka mwaka 1982, lakini ofisi nyingi za nchi maskini ziliendelea kuchora kwa mkono miaka mingi baadaye, na kwa hesabu zao hazikukosea. Kompyuta na leseni hununuliwa kwa fedha za kigeni na kwa bei ya dunia, ilhali mchoraji hulipwa kwa kiwango cha nyumbani. Maadamu mshahara wake ni mdogo, mashine haimlipi mwajiri. Benki ya Dunia, katika Ripoti ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 2016, ilisema kwamba theluthi mbili ya ajira katika nchi zinazoendelea zingeweza kitaalamu kufanywa na mashine, ila mishahara midogo na uzito wa kupokea teknolojia vingechelewesha jambo hilo. Wengi huinukuu nusu ya kwanza tu.

Kompyuta zilipofika hatimaye, wachoraji wazoefu niliowajua walibaki. Waliotoweka ni wanagenzi. Kazi yao ilikuwa kunakili ramani za wakubwa kwa wino juu ya karatasi angavu, kuandika vipimo, na kurekebisha makosa: mstari uliokosewa ulikwanguliwa kwa ncha ya wembe, taratibu, kisha mahali hapo palisuguliwa kwa ukucha ili wino mpya usitapakae. Ilikuwa kazi ya kuchosha, tena ya malipo duni, na sitamani irudi. Hata hivyo, kijana aliyenakili ngazi moja baada ya nyingine hakuchelewa kuuliza kwa nini vidato vyote vina kimo kimoja, na mkubwa aliyeketi kando yake alimweleza. Leo amri moja inanakili ramani nzima, na mwajiri anamtaka mtu aliyekwisha kujua, bila kujiuliza huyo atakuwa amejifunzia wapi.

Ujerumani ina mfumo ambao mwanagenzi hugawa muda wake kati ya chuo cha ufundi na kampuni inayomlipa. Pale ambapo vijana wengi hujifunza ufundi kazini tu, nafasi ya msaidizi ikifutwa, na shule imefutwa. Intaneti imeleta kazi za wateja wa mbali, ni kweli, lakini mara nyingi ni zile nyepesi, ambazo bei yake hushindaniwa na dunia nzima na ambazo programu ndizo zinazozimudu mapema.

Ofisini kwetu mgeni hupewa kwanza futi ya utepe, akapime jengo lililokwisha kusimama na kulichora kwa mkono, ndipo akabidhiwe kompyuta. Muda huo ni gharama ya ofisi, na wateja hawailipii.