Maswali na majibu: Mkono wa nje, vidole vya wenyeji

Makala yangu kuhusu mataifa yanayoingilia chaguzi za wenzao kwa uongo wa mitandaoni imeniletea ujumbe mwingi. Nimechukua maswali haya. Yaliyofanana nimeyajibu kwa pamoja. Yaliyokuja na video tupu, bila kiungo, bila tarehe, bila jina la aliyeipakia mara ya kwanza, nimeyaweka kando isipokuwa moja, kwa kuwa limeletwa na watu wengi mno.

Shikamoo. Mbona vyombo vya habari vinaficha ile video ya karani wa uchaguzi Marekani anachana kura za Trump? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba. Haijafichwa. Ilianza kusambaa tarehe 24 Oktoba 2024, ikidaiwa kurekodiwa Kaunti ya Bucks, jimbo la Pennsylvania. Bodi ya uchaguzi ya kaunti ilizitazama bahasha na karatasi zinazoonekana humo, ikasema si zake, tena siku ileile. Kesho yake FBI, shirika la upelelezi la Marekani, na taasisi nyingine mbili za serikali hiyo zikatangaza kwamba imetengenezwa na Warusi. Yote haya yako wazi tangu wakati huo, na ukiyatafuta utayapata ndani ya dakika moja.

Nimeshalijibu swali hili kwenye ujumbe binafsi hadi nimechoka. Naomba sana: kabla ya kuniuliza "ni kweli?", tafuta kwanza video imetoka wapi. Ukiirusha kwenye magrupu matano huku ukisubiri jibu langu, kazi ya aliyeitengeneza umeshamfanyia.

Kwa hiyo Putin ndiye aliyemweka Trump madarakani 2016? Naomba ndiyo au hapana. (Msomaji, Dar es Salaam)

Sina ndiyo wala hapana, na anayekupa mojawapo kati ya hizo ana upande anaoutetea. Tunajua walichofanya. Kura ngapi ziligeuka kwa sababu yao, hilo halijapimika.

Walifanya mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. La kwanza ni wizi. Maofisa wa GRU, ujasusi wa kijeshi wa Urusi, walidukua barua pepe za chama cha Democratic na za John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, kisha zikamwagwa hadharani kupitia WikiLeaks, tovuti inayochapisha nyaraka za siri. La pili ni ofisi ya St. Petersburg iliyoitwa Internet Research Agency, mali ya tajiri wa Kirusi Yevgeny Prigozhin, ambako vijana waliajiriwa kujifanya Wamarekani mtandaoni. Hati ya mashtaka ya Marekani ya Februari 2018, iliyowataja watu 13 na kampuni 3, inasema kufikia Septemba 2016 mradi mzima, pamoja na kazi yake ndani ya Urusi yenyewe, ulikuwa na bajeti ya zaidi ya dola milioni 1.25 kwa mwezi.

Ukitaka kuelewa namna wanavyofanya kazi, achana na Washington na utazame mji wa Houston, tarehe 21 Mei 2016. Ukurasa wa Facebook uitwao Heart of Texas uliwaita watu mbele ya kituo cha Kiislamu kilichoko mtaa wa Travis, wapinge walichokiita kusilimishwa kwa Texas. Ukurasa mwingine, United Muslims of America, ukawaita Waislamu na marafiki zao waende kukitetea kituo hicho. Siku moja, saa moja, barabara moja. Watu wakaja kweli, wakasimama pande mbili wakitukanana, polisi katikati. Kurasa zote mbili ziliendeshwa na ofisi ileile ya St. Petersburg, na matangazo ya kuwaleta watu pale yaligharimu kama dola 200. Mwandaaji hata mmoja hakuwepo.

Aliyeenda kuupinga Uislamu hakufundishwa chuki na Mrusi, alikuwa nayo. Aliyeenda kujitetea naye hofu yake ilikuwa ya kweli. Mgeni alichotoa ni mahali pa kukutania na saa. Hili ndilo ninalolirudia kila mwaka, na nitaendelea kulirudia: mkono wa nje hauna nguvu yoyote mpaka upate mgawanyiko ambao wenyeji wenyewe wameuacha ukikua.

Kuhusu kura, utafiti uliochapishwa 2023 katika jarida la Nature Communications uliangalia waliokutana na akaunti hizo za Kirusi kwenye Twitter. Asilimia 1 tu ya watumiaji ndio waliobeba asilimia 70 ya mara zote ambazo akaunti hizo zilionekana, na watafiti hawakuona uhusiano wa maana na watu kubadili msimamo au kura. Lakini utafiti huo ulihusu Twitter peke yake, haukugusa barua zilizoibwa, na Trump alishinda kwa tofauti isiyofika kura 80,000 ukijumlisha Michigan, Wisconsin na Pennsylvania. Kwa hiyo anayeapa kwamba ni Putin, na anayeapa kwamba Warusi hawakufanya lolote, wote wawili wanasema wasichokijua.

Nitajuaje kama akaunti ni ya Mrusi au Mchina? (Wasomaji wengi)

Hutajua. Acha kuhangaika na uraia wa akaunti, hangaika na dai lenyewe: nani mwingine amelithibitisha?

Mbona kila siku Urusi, Urusi? Wazungu wa Magharibi hawafanyi haya? (Msomaji, Bujumbura)

Wanafanya, na nimeshaandika hivyo. Mtafiti Dov Levin alihesabu chaguzi zilizoingiliwa na mataifa mawili makubwa kati ya 1946 na 2000: Marekani mara 81, Urusi ya Kisovyeti na iliyofuata mara 36. Enzi hizo ilikuwa fedha, redio na vipeperushi, lakini nia ni ileile.

Kwa mitandao, soma yaliyotokea Jamhuri ya Afrika ya Kati. Uchaguzi wa rais ulikuwa tarehe 27 Desemba 2020. Siku 12 kabla yake, Facebook ilitangaza kufuta mitandao ya akaunti feki ya pande mbili kwa mpigo. Upande mmoja ulihusishwa na watu wa Prigozhin, ukimsifu Rais Touadéra na Urusi. Upande wa pili Facebook iliuhusisha na watu wenye uhusiano na jeshi la Ufaransa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kampuni hiyo kukuta kambi mbili za kigeni zikipambana ndani ya uchaguzi wa nchi ya tatu. Akaunti feki za upande wa Ufaransa zilijifanya Waafrika wenye uchungu na nchi yao wanaofichua "habari feki" za Warusi, na za upande wa Urusi nazo zikajifanya Waafrika. Zilifuatana, zikaombana urafiki, zikajibizana kwenye maoni. Wenyewe wenye nchi, ambao wengi hata intaneti hawana, walikuwa wanasemewa na watu wasiowajua.

Ndiyo maana hasira yangu haina pasipoti. Anayekuambia uongo wa Moscow ni ukombozi kwa sababu Paris nayo inadanganya, anakutaka uchague mwongo wa kumpenda. Mtu wa Bangui, mji mkuu wa nchi hiyo, alistahili kuachwa achague rais.

Cambridge Analytica ilipoingia Kenya, ilikuwa serikali ya Uingereza? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Ilikuwa kampuni ya Uingereza ya kuendesha kampeni kwa data, iliyolipwa, na waliolipa walikuwa wanasiasa wa Kenya. Mwaka 2018 mmoja wa wakuu wake, Mark Turnbull, alinaswa na kamera za televisheni ya Uingereza ya Channel 4 akijigamba kwa kazi walizozifanya 2013 na 2017. Tusiite kila jambo baya "mabeberu". Hapo mteja alikuwa wa nyumbani.

Nina akaunti ya X yenye wafuasi wengi. Nimepewa kazi ya kupandisha hashitagi kuhusu uchaguzi wa nchi ambayo hata siifuatilii, malipo kwa M-Pesa. Kuna ubaya? (Msomaji, Nairobi)

Upo, mdogo wangu, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu wewe ni mmoja wa wachache waliouliza kabla ya kupokea.

Mwezi Machi 2020 Facebook na Twitter zilifuta akaunti zilizoendeshwa kutoka Ghana na Nigeria. Kazi yenyewe ilifanyika Accra, chini ya shirika lililojiita la kutetea haki, kwa kifupi EBLA. Vijana pale walipewa simu, wakaandika kama Wamarekani weusi: ukatili wa polisi, ubaguzi, fahari ya kuwa mweusi. Mambo hayo ni ya kweli na yanauma, ndiyo maana yalichaguliwa. Facebook ilieleza kwamba kazi hiyo ilifanywa kwa niaba ya watu walioko Urusi, na kwamba baadhi ya wenyeji walioifanya walijua na wengine hawakujua. Fikiria yule asiyejua. Aliamka asubuhi akaenda kazini akiamini anapigania ndugu zake wa ng'ambo. Vyombo vya usalama vilipovamia ofisi hiyo, aliyekutwa pale alikuwa yeye. Waliolipa walikuwa mbali.

Kenya mnalo soko hili tayari. Mwaka 2021 watafiti Odanga Madung na Brian Obilo, katika ripoti yao kwa Mozilla, shirika linalotetea intaneti huru, walionyesha jinsi hashitagi za kuwachafua majaji na wanaharakati zilivyopangwa kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu akilipwa kati ya dola 10 na 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku. Wateja wa wakati ule walikuwa na ugomvi wa ndani. Lakini soko likishakuwepo halimuulizi mnunuzi ametoka wapi. Ubalozi wowote, kampuni yoyote ya kukodiwa, inaingia na kukuta kila kitu kimepangwa: vijana, simu, akaunti za zamani zenye wafuasi halisi, na dalali anayejua bei.

Muulize aliyekuletea kazi: nani analipa? Akikwepa, umeshajibiwa. Muulize pia kama utaruhusiwa kuandika kwamba ni tangazo la kulipiwa. Na ukumbuke Kenya ina sheria ya makosa ya mitandao iliyopitishwa 2018 ikiwa na vifungu vya kuadhibu kuchapisha uongo kwa makusudi. Siipendi namna inavyotumika dhidi ya wakosoaji wa serikali, lakini ipo, na itakayosomwa kwenye mashtaka ni namba yako ya simu. Najua hali ya ajira. Najua pia kwamba anayekulipa shilingi elfu moja na kitu anainunua imani ambayo wafuasi wako wamekupa kwa miaka, na hana mpango wa kukurudishia.

Serikali ikizima intaneti siku ya kura, si tunakuwa salama na maadui wa nje? (Msomaji, Kampala)

Hapana. Uongo wa nje hupandwa wiki na miezi kabla ya kura. Kinachozimwa siku ile ni uwezo wa mwananchi kukanusha, na kupiga picha fomu ya matokeo na kuituma.

Na ninyi Uganda mna mfano wenu. Januari 2021, siku chache kabla ya kura, Facebook ilifuta akaunti feki ilizozihusisha na wizara ya habari na mawasiliano ya Uganda yenyewe. Serikali ikajibu kwa kuifunga Facebook, kisha ikazima intaneti yote. Tanzania nako mtandao ulizimwa tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Kila serikali inayofanya hivi hutaja usalama. Kila mara ninaposikia "mkono wa nje" bila akaunti moja kutajwa na bila ushahidi kuwekwa mezani, nafunga mfuko wangu wa imani.

Mahakama ya Romania ilifanya sawa kufuta uchaguzi? (Msomaji, Hamburg)

Ninaona ilikuwa na sababu ya kushtuka, na ikawakosea wapiga kura kwa namna ilivyofanya.

Călin Georgescu, mgombea urais ambaye kura za maoni hazikumpa nafasi, aliongoza raundi ya kwanza tarehe 24 Novemba 2024 kwa karibu asilimia 23, huku akitangaza kwamba hakutumia fedha yoyote kwenye kampeni. Nyaraka za usalama zilizofunguliwa baadaye zilitaja akaunti 25,000 za TikTok zilizochangamka ghafla wiki mbili kabla ya kura, na mtu mmoja aliyetoa dola 381,000 kwa waliompigia debe. Tarehe 6 Desemba mahakama ya katiba ikafuta kila kitu, wakati Waromania wa nje ya nchi wakiwa wameshaanza kupiga kura ya raundi ya pili.

Lakini uhusiano na Moscow ulielezwa zaidi kuliko ulivyoonyeshwa. Baadaye waandishi wa uchunguzi wa Romania wakaripoti kwamba kampeni moja ya TikTok iliyomnufaisha Georgescu ililipiwa na chama cha ndani, cha Liberal. Unaona? Tunarudi kwa wenyeji tena. Ukifuta kura za mamilioni ya watu, weka ushahidi wote hadharani siku hiyohiyo. Usipofanya hivyo, unampa kila mshindwa wa kesho, na kila rais asiyetaka kuondoka, maneno ya kusema.

Prigozhin amekufa. Biashara hii si imekwisha? (Msomaji, Goma)

Haijaisha. Congo yenu ilikuwa kati ya nchi nane za Afrika zilizolengwa na kurasa za watu wake ambazo Facebook ilizifuta Oktoba 2019. Yeye alikufa kwenye ajali ya ndege Agosti 2023, na mwezi uliofuata Moscow ikapata chombo kipya cha habari kiitwacho African Initiative. Kampuni nyingine za Moscow zimekuwa zikighushi tovuti za magazeti makubwa kama Le Monde na Der Spiegel, na Septemba 2024 Marekani ilikamata anwani 32 za tovuti za mtandao huo.

Kilichopungua ni walinzi. Meta, kampuni mama ya Facebook, iliifunga CrowdTangle, chombo ambacho waandishi walikitumia kufuatilia chapisho limeanzia wapi, Agosti 2024. Kikosi cha FBI kilichofuatilia ushawishi wa nje kilivunjwa Februari 2025. Kwa hiyo usisubiri ripoti kutoka California ikuambie nani anaichezea Kivu. Redio zenu za jamii ndizo zinazosikia uvumi mapema, kwa Kiswahili na kwa lugha za vijijini ambazo hakuna kampuni ya Marekani inayozisoma. Ningeanza na hizo: kila redio iwe na mwandishi mmoja ambaye kazi yake, kuanzia sasa na si mwezi wa kampeni, ni kupiga simu kijiji kinachotajwa kwenye uvumi na kuuliza kama jambo hilo limetokea.